Akaunti ya Marehemu Atupele

Tuliohudhuria: Mwalimu Mkuu Kisanga, Mzee Mwakatundu (babaye Sekela), na mimi, mwalimu wa darasa la tano na msimamizi wa vishikwambi.

Leseni zetu za programu ya masomo ya vishikwambi ni arobaini tu, na kisheria asiye na leseni si mwanafunzi. Mwanafunzi wetu Atupele alifariki mwezi Machi, lakini programu iliendelea kujibu maswali kwa niaba yake hadi akawa wa kwanza darasani. Sekela, aliyehamia Aprili akakuta leseni zote zina wenyewe, huinua mkono kila asubuhi na kuandikwa hayupo.

"Mwalimu Mkuu, mwanangu yupo au hayupo?" aliuliza Mzee.

"Yupo, mzee wangu, ila si kwenye mfumo. Tukiifunga akaunti ya Atupele, wastani wa shule utaporomoka."

"Kwa hiyo marehemu anafaulu, aliye hai anafagia darasa?"

Mwalimu Mkuu aliinamia kishikwambi, akagusa jina la Atupele ili kutuonyesha alama zake.

"Nipo, Mwalimu," kikaitika, kwa sauti ya mtoto tuliyemzika.

Nilikichukua, nikasimama.

"Akaunti hii naifunga sasa hivi," niliwatangazia. "Na kesho nitaita majina kwa mdomo wangu, nikianza na Sekela."