Makumbi ya Mtoto wa Kenge

Rahima alizoa mchanga wote kutoka kwenye sanduku la kioo, akamwinua mtoto wa kenge kwa viganja viwili. Tumbo lilikuwa gumu. Ngozi ya zamani ilikuwa imemganda vidoleni.

"Nani amemwekea mchanga?" aliuliza. "Anaumeza pamoja na nyama."

Kapteni wa jeshi, mwenye kenge huyo, alimnyooshea kidole. "Hii ikikufa," alisema, "usikuje tena hapa kambi ya Mbuya kuuliza bwana yako."

"Na akipona, afande?"

"Ikipona, nitakuambia yeye iko wapi."

Wiki mbili sasa tangu mumewe apotee. Umar alikuwa akitunza nyoka na mijusi wa shule moja mjini. Alitoka nyumbani Nateete asubuhi kwenda kazini, gari la wanajeshi likamchukua, basi. Rahima aligonga kila mlango. Watu wakimwona wanabadili njia, na nani wa kuwalaumu? Alichokijua kuhusu kenge alikipata kwa mumewe, tena kwa kusikiliza nusunusu huku anapika. Sasa alijilaumu kwa ile nusu aliyoikosa.

Amtandikie nini badala ya mchanga? Maranda ya seremala? Vumbi lake lingemziba mapafu. Magazeti yangekauka kabla ya adhuhuri. Udongo wa bustani ya Kapteni ulikuwa umepigwa dawa ya wadudu. Kilitakiwa kitu kinachoshika unyevu bila kuoza, na Kampala ile, madukani hata sabuni hakuna.

Akarudi Nateete, akalichana godoro lao la harusi, lile lililotoka Mombasa kwa wazazi wa Umar. Ndani lilijaa makumbi, zile nyuzi za ganda la nazi. Akayachemsha, akayasuuza, akayakamua mpaka tone la mwisho, huku akilia bila kujificha. Godoro litashonwa jingine. Umar ni mmoja.

Akayatandika kwenye sanduku la kioo, na siku nne akamnyunyizia maji yule kenge, akimbembeleza kama mtoto mwenye homa: kula, baba, kula. Siku ya tano akajivua ngozi. Akala panzi wawili, kisha akajifukia kwenye makumbi mpaka shingoni.

Kapteni alicheka kwa furaha, akachota zile nyuzi. "Hii dawa inaitwa nini?"

"Makumbi, afande."

Kicheko kikakatika. Akamgeukia Koplo Kasim, Muganda aliyesimama mlangoni. "Kasim. Ile siku uliniambia makumbi ni nini?"

Kasim aliangalia viatu vyake. "Nkumbi, afande. Kwetu Buganda ni jembe."

Kapteni alizirudisha nyuzi sandukuni, taratibu.

"Bwana yako tulimleta hapa atibu hii kenge," alimwambia Rahima. "Aliomba makumbi. Sisi tukasema, huyu anataka kuchimba ukuta atoroke. Basi tukampa jembe, achimbe shimo yake mwenyewe."