Boksi la Nyika ya Barafu

Sikieni, wenye wana. Zama hizo mchezo wa mezani haukubaki mezani. Lililompata mhusika wako liliupata na mwili wako, mpaka kisa kiishe. Somoe wa Lindi aliyajua hayo, kwani kisa cha jangwani kilimfanya bintiye Zuhura amalize mtungi wa maji kila siku, na midomo ikampasuka vilevile.

Sasa limeletwa boksi jipya, Nyika ya Barafu. Zuhura na wenzake wataanza kucheza Jumamosi.

"Mwanangu, theluji si ya kuchezea. Lirudishe."

"Mama nawe! Mimi ni mwindaji, nina koti la ngozi ya dubu."

"Koti la karatasini hilo! Humu ndani una khanga tu."

Zuhura akacheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, na Somoe alikuwa akichuruzika jasho. Lakini binti alipocheka, kinywani mwake mlitoka moshi mweupe, kama wa chungu kilichofunuliwa.

Somoe akalinyakua boksi, akaligeuza huku na huku. Utepe wake ulikuwa haujakatwa.

"Zuhura, mmeshaanza?"

"Bado, mama. Kule dukani tumeandikisha majina tu."