Vichwa Tisa vya Majimoto

Josephina alivihesabu kimya kimya, asionekane mshamba. Vichwa tisa. Tisa bila unywele hata mmoja, vinang'aa juani pale uani kwa mzee Machibya, kijijini Majimoto.

Alishuka kwenye bodaboda miguu imekufa ganzi. Mwaka wa tatu huu yuko mbioni na utafiti, anatafuta vinasaba vinavyoufanya mwili uzigeuke nywele zake wenyewe, na kila kijiji anakuta mgonjwa mmoja mmoja. Wakubwa zake walishasema: familia yenye mgonjwa mmoja haitufai. Orodha ilikuwa inafungwa leo. Asipopatikana ndugu mwingine mwenye ugonjwa huo, Dina anafutwa, na nafasi yake kwenye dawa ya majaribio inakwenda kwa wengine.

Dina! Miaka kumi na tano, mdomo kama cherehani. Nywele zilimtoka zote, nyusi nazo zikafuata, akawa anazichora kwa wanja.

"Dada Josephina," alisema walipoonana mara ya mwisho, "leo nimechora za hasira. Usinizoee."

Wakacheka mpaka mama mtu akawafukuza jikoni. Huko nje Dina akauliza, taratibu, "Lakini dawa nitapata kweli?"

"Nitakupigania, mdogo wangu."

Machibya, baba yake, aliapa kuwa ukoo mzima hakuna mwingine. Josephina akamwomba awakusanye ndugu hivyo hivyo siku ya leo, yeye aje achukue mate ya kila mmoja akapime. Tangu juzi simu ya mzee haikupatikana. Mtandao wa huku nao! Akaja tu.

Kumbe watu wamejaa. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, masufuria makubwa yanafuka. Yote haya kwa mgeni mmoja? Aibu ilimshika. Mama yake Dina, kichwa kitupu kama wenzake, alimshika mikono yote miwili, asitamke neno. Kuna shukrani hazisemeki, Josephina akawaza. Dina mwenyewe haonekani. Bila shaka yuko ndani, anajichora.

"Mzee, mlinificha!" alimtania Machibya. "Kumbe ukoo mzima!"

Machibya alimtazama kama mtu anayeamshwa usingizini. Upara wake nao ulikuwa mpya. "Ndiyo," alisema. "Ukoo mzima upo."

Josephina hakusubiri chai. Alichuchumaa mkekani mbele ya bibi yake Dina, akatoa daftari na vichupa vya mate. Nyusi za bibi zilikuwepo, nyeupe, nene. Akageuka kuwatazama wengine: nyusi zipo, kwa wote. Ajabu. Lakini ugonjwa huu una vituko vyake, akaliandika hilo, akapiga mstari chini yake. Dina atapata dawa.

"Shikamoo, mayu," alimwamkia, akimwita mama kwa lugha ya huku.

"Marahaba, mwanangu. Pole."

Akaipokea, akijua ni ya safari. "Ahsante, bibi. Hizi nywele zako zilitoka lini?"

Bibi alijipapasa kichwa polepole, kama anayekitafuta.

"Jana, mwanangu. Tulinyolewa wote, tulipotoka kumzika Dina."