Chai ya Kutetea Shahada

Siku ya kutetea mradi wake wa shahada ya nishati na kompyuta, Zawena aliingia chumba cha mtihani na birika na jiko. Mpira wa gesi wa jiko hilo ulitoka kwenye pipa la mavi ya ng'ombe nje ya dirisha.

"Programu yako inasemaje, binti?" aliuliza Dakta Mbwilo, mtahini wake.

"Imepiga hesabu, Dakta. Gesi itatosha chai ya wote humu. Isipotosha, ninyimeni shahada."

Wanafunzi wenzake waliohudhuria wakaguna. Moto wa buluu haukutetereka mpaka kikombe cha mwisho kikajaa.

"Chai ya mavi!" Dakta akacheka. "Tangulia wewe."

Zawena akanywa yake yote, akajipangusa mdomo, akamsogezea Dakta kikombe kingine kilichojaa. Dakta akakinusa, akalitazama pipa, kisha akanyoosha mkono kuchukua sukari.