Kigoda cha Bi Zuhura

Seremala Mbwiga aliingia hotelini na kigoda kipya begani, msimamizi akamzuia mlangoni.

“Fundi, tumeshanunua viti vya plastiki. Hapa huna kazi tena.”

“Sikuja kuomba kazi. Kila mwisho wa mwaka nawashukuru wateja wangu, na Bi Zuhura nimemtengenezea viti miaka tisa.”

“Siku hizi si mteja wako.”

“Miaka tisa hiyo huwezi kuifuta. Na kushukuru sihitaji ruhusa yako.”

Akampita. Bi Zuhura, mwenye hoteli, alikuwa amekaa kaunta, miguu imemvimba kama kawaida yake. Mbwiga akapiga goti, akakisukuma kigoda mbele ya miguu ile. Bi Zuhura akamtazama msimamizi, kisha, taratibu, akavua ndara moja.