Picha ya Mzee Akicheka

Mtaa wote wa Majimbo hakukuwa na nyanya aliyejua kompyuta kumshinda Kanini. Yaani, hakukuwa na nyanya mwingine aliyekuwa nayo.

Yake ilikuwa kuukuu, ya Linux, chumbani kwake. Lakini kupitia mtandao wa nyumba iliweza kufungua folda ya picha iliyokuwa ndani ya kompyuta ya Windows ya mkaza mwanawe, sebuleni. Asubuhi hiyo aliifungua akamwona marehemu mumewe akicheka, na ubavuni mwake yule mama wa kwaya. Akaifuta picha hiyo, akafunga. Alidhani amefuta nakala ya chumbani kwake tu.

Sasa mkaza mwana alisimama mlangoni, uso umemshuka.

"Mama, ile picha ya baba haiko. Na nilitaka ichapishwe kwa ibada ya kumkumbuka. Ni hiyo moja tu anacheka."

Kanini alikitazama kidole chake, kimepasukapasuka kwa kuchuma majani chai, ndicho kilichobonyeza kitufe cha kufuta. Kicheko kimoja kilichobaki cha mzee wake, na amekitupa kwa wivu wa bure.

"Mimi usiniulize, mwanangu. Folda yako inaitisha neno la siri. Sijawahi kuingia huko hata siku moja."

"Hebu nijaribu hapa kwako, labda itaonekana."

Mkaza mwana akainama, akaandika haraka jina la ng'ombe wao, karembo. Kompyuta ikakataa. Akaandika tena, ikakataa.

"Si hivyo," Kanini akamwambia. "Herufi ya kwanza ni kubwa."