Tonge la Zamda

Zamda alikaanga nyama ya kusaga mpaka ikakauka maji, akaivunjia mayai, akaikwangulia jibini na kufunika. Kufumba na kufumbua, chakula kilikuwa tayari. Akamtengea Kibwana, mume aliyewahi kuusukuma ugali wake mbele ya wageni akisema una mabuje ya unga mbichi, kisha akahamia kwa mke mdogo. Sukari ilipompanda, mke mdogo alimrudisha na mto wake wa kulalia.

"Na ugali?" Kibwana aliuliza.

"Daktari si kakataza? Kula, baba Hija. Mimi nataka uishi miaka mingi."

Kisha akabandika sufuria nyingine. Akasonga ugali taratibu, akiukandamiza kwa mwiko mpaka ukalainika, akaupakua, akaketi naye uso kwa uso.

"Tonge moja tu, mama Hija," Kibwana alinong'ona. "La kuonja."

Zamda alimega tonge, akalifinyanga, akalibonyeza kwa kidole gumba, akaligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Litazame vizuri," alisema. "Unaona buje?"

Kibwana akatikisa kichwa. Zamda alipofungua kinywa, cha Kibwana nacho kikafunguka.